Wacheza gemu wote wahesabiwe, si wenye mashine peke yao

Mhariri,

Ninaomba nafasi katika safu yako ya barua ili nichangie jambo ambalo, kila linapozungumzwa katika vyombo vyetu vya habari, huzungumzwa kana kwamba limekwisha kuamuliwa, yaani ni nani hasa anayestahili kuitwa mcheza gemu. Picha inayotolewa ni ileile siku zote. Ni kijana wa kiume, wa mjini, ameketi mbele ya televisheni akiwa na pedi ya kuchezea gemu mkononi, ama nyumbani kwao kama wazazi wana uwezo, ama katika kibanda cha kulipia kwa mechi kama hawana. Mimi ni mwanamke, ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nina watoto, na nimekuwa nikicheza gemu tangu enzi za simu za vitufe hadi leo. Sijioni katika picha hiyo, wala sioni humo wengi wa watu ninaowafahamu wanaocheza. Ingekuwa ni kwa ajili yangu tu nisingekuchosha kwa barua ndefu. Ninaandika kwa sababu katika nchi zetu mashindano, kumbi na vikundi vya mchezo huu ndiyo kwanza vinajijenga, na namna tutakavyoamua sasa nani ni mchezaji na nani ni mpita njia ndiyo itakayowaongoza wafadhili, walimu, wazazi na wenye kumbi kwa miaka mingi ijayo.

Nianze na takwimu za Marekani, kwa kuwa sehemu kubwa ya picha hiyo ilitoka huko. Mwaka 2015 kituo cha utafiti cha Pew kilichapisha matokeo ya uchunguzi uliowauliza watu wazima wa nchi hiyo maswali mawili yanayofanana kwa mbali lakini yenye majibu tofauti kabisa: je, unacheza michezo ya video, na je, unajiita mcheza gemu. Waliosema wanacheza walikuwa asilimia 49, karibu nusu ya watu wazima wote, na baina ya wanaume na wanawake tofauti ilikuwa ndogo mno, asilimia 50 kwa 48. Waliojiita wacheza gemu walikuwa asilimia 10 tu, na hapo ndipo pengo lilipojitokeza, kwa maana asilimia 15 ya wanaume walijiita hivyo lakini kwa wanawake ilikuwa asilimia 6. Tena asilimia 60 ya watu wazima waliamini kwamba wengi wa wanaocheza ni wanaume. Wanawake wanacheza karibu sawa na wanaume, jina wamewaachia wengine, na umma umelifuata jina.

Jina hilo halikuanza hivyo. Mhandisi aliyeongoza utengenezaji wa Fairchild Channel F, iliyotoka mwaka 1976 na kuwa mashine ya kwanza ya nyumbani yenye kaseti za gemu ambazo mtu anaweza kuchomoa moja na kuchomeka nyingine, alikuwa Jerry Lawson, Mmarekani Mweusi wa New York. Utaratibu huo wa kaseti ndio uliolea biashara nzima kwa miongo iliyofuata, na watu wa umri wangu waliowahi kupuliza vumbi kwenye kaseti kabla ya kuichomeka wamefaidi kazi yake bila kulijua jina lake. Carol Shaw, aliyeanza kazi katika kampuni ya Atari mwaka 1978, alitunga River Raid, gemu ya ndege iliyotoka mwaka 1982 na kupendwa sana. Huko Japani, Toru Iwatani alibuni Pac-Man ya mwaka 1980 akiwa na nia ya wazi ya kuwavutia wanawake waingie katika kumbi za michezo, ambazo wakati ule zilikuwa zimejaa wanaume na gemu za vita. Basi hawa watatu walikuwapo tangu awali, mmoja akitengeneza mashine, mwingine akitunga gemu, wa tatu akimfikiria mchezaji ambaye wenzake hawakumfikiria.

Kilichobadilisha mambo ni biashara. Soko la Marekani lilianguka mwaka 1983 na wenye maduka wakawa hawataki tena kusikia habari za michezo ya video, hata Nintendo ilipoingia huko mwaka 1985 ililazimika kujinadi kama muuzaji wa vitu vya kuchezea watoto, ikaambatanisha mashine yake na roboti ndogo ya plastiki ili maduka yakubali kuipokea. Katika maduka ya aina hiyo rafu za wavulana zilikuwa mbali na rafu za wasichana, na mashine ilipaswa kuwekwa upande mmoja. Iliwekwa kwa wavulana. Matangazo ya miaka ya 1990 yakafuata njia hiyohiyo kwa nguvu zaidi, mpaka kijana aliyekua akiyatazama akaamini kwa moyo safi kwamba uwanja huu ni wake na kwamba wengine wote ni wageni waliochelewa kufika. Nimeeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu watu wazima ninaozungumza nao huniambia kwamba wasichana kwa maumbile yao hawavutiwi na gemu. Maumbile hayakuhusika. Ulikuwa mpangilio wa rafu katika maduka ya nchi ya mbali, nasi tumeupokea kama kanuni.

Matokeo ya imani hiyo yalionekana wazi mwaka 2014, katika kampeni ya matusi na vitisho iliyokuja kuitwa Gamergate. Wanawake waliotunga gemu, kama Zoë Quinn na Brianna Wu, na mhakiki Anita Sarkeesian aliyekuwa akichambua jinsi wanawake wanavyosawiriwa humo, walitishiwa kubakwa na kuuawa, na wengine walihama makazi yao kwa hofu. Mwezi Oktoba mwaka huo Sarkeesian alifuta mhadhara aliokuwa autoe katika Chuo Kikuu cha Utah State, baada ya chuo hicho kupokea ujumbe wa kutishia mauaji ya watu wengi na baada ya kuelezwa kwamba sheria za jimbo hilo haziruhusu kuwazuia watu kuingia ukumbini na silaha. Waliofanya vitendo hivyo walidai kwamba wanawalinda wacheza gemu. Mimi nilikuwa mcheza gemu mwaka huo, na hakuna aliyekuja kuniuliza kama nataka kulindwa dhidi ya wanawake wenzangu.

Mwezi Novemba wa mwaka huohuo alifariki huko Norwe kijana wa miaka 25, Mats Steen, ambaye habari zake zingestahili kusomwa katika kila chumba ambamo watu wanabishana juu ya nani ni mchezaji wa kweli. Alizaliwa na maradhi ya kurithi ya misuli yanayoitwa Duchenne, ambayo yalimweka katika kiti cha magurudumu tangu utotoni na kumwachia, katika miaka yake ya mwisho, uwezo mdogo sana wa kusogeza vidole. Muda wake mwingi aliutumia ndani ya World of Warcraft, gemu ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2004, akiwa na jina la Ibelin. Wazazi wake walihuzunika wakiamini kwamba mtoto wao ameishi na kufa bila rafiki. Walipotangaza kifo chake mtandaoni zilianza kumiminika barua pepe kutoka kwa watu wa nchi mbalimbali wasiowajua: mmoja akieleza jinsi Ibelin alivyomsikiliza alipokuwa na majonzi, mwingine jinsi alivyomsaidia kuelewana tena na mtoto wake. Baadhi yao walisafiri kutoka nchi nyingine za Ulaya kwenda kumzika. Ndani ya gemu ile hakuna aliyemwona kama mgonjwa, kwa sababu alikuwa anatembea, anakimbia na anashauri kama wengine. Ukipima uchezaji kwa kasi ya vidole, Mats Steen hana nafasi. Ukipima kwa kile ambacho mtu amekitia katika mchezo na kile ambacho wenzake wamekipata kwake, sijui ni nani wa kumtangulia.

Viwanda vyenyewe vimeanza kulielewa hili, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 2018 Microsoft ilitoa Xbox Adaptive Controller, kidhibiti chenye vitufe viwili vikubwa na matundu mengi ya kuunganisha swichi za nje, ili mtu acheze kwa mguu, kwa kiwiko au kwa kidevu. Mwaka 2020 ilitoka The Last of Us Part II ikiwa na mipangilio zaidi ya 60 ya kuwasaidia wenye ulemavu, ikiwamo ya sauti iliyowawezesha watu wasioona kabisa kuicheza hadi mwisho. Katika Street Fighter, gemu ya mapigano, alikuwapo Mmarekani Mike Begum, aliyejulikana kwa jina la BrolyLegs, ambaye kwa sababu ya ulemavu wa viungo alikuwa akiendesha pedi kwa mdomo na uso, na aliheshimiwa na wenzake kama mmoja wa mafundi wakubwa wa mhusika Chun-Li mpaka alipofariki mwaka 2023. Nchini kwetu tuna shule za wanafunzi wasioona na za wenye ulemavu wa viungo, tuna walimu waliosomea elimu maalumu, na bado sijawahi kuona tangazo la mashindano ya gemu lenye hata mstari mmoja wa kuwaalika wanafunzi hao au kueleza kama ukumbi una njia ya kiti cha magurudumu.

Nije sasa kwenye simu, ambako kwa maoni yangu ndiko dhuluma kubwa zaidi ilipo katika mazingira yetu, kwa sababu inawagusa wengi. Mwaka 1997 Taneli Armanto, mhandisi wa Nokia huko Ufini, aliweka katika simu ya Nokia 6110 mchezo wa nyoka anayerefuka kila anapokula. Miaka michache baadaye nyoka huyo alikuwa katika kila mtaa wa Afrika Mashariki, kwenye 3310 na 1100, mikononi mwa wauza duka waliokuwa wakisubiri wateja, mama waliokuwa wakisubiri zamu ya kliniki, na walimu waliokuwa wakisubiri mshahara. Kwa watu wengi wa nchi hizi hiyo ndiyo gemu ya kwanza maishani. Hawakuwa na Nintendo wala Atari, na historia ya gemu inayoanzia kwenye mashine za sebuleni haiwataji popote. Leo wana wao na wajukuu wao wanacheza Free Fire, PUBG Mobile, eFootball na Candy Crush kwenye simu zilizopasuka vioo, kwa bando la kuhesabu, na wakisema wanacheza gemu wanaambiwa kwamba hiyo si gemu, ni kupoteza muda tu, na kwamba gemu yenyewe ni ya PlayStation au ya kompyuta.

Anayesema hivyo anapaswa kuelezwa kilichotokea Hangzhou. Katika Michezo ya Asia iliyofanyika huko China mwaka 2023, gemu zilishindaniwa kwa medali kamili kwa mara ya kwanza katika michuano hiyo, na miongoni mwa zilizotolewa medali za dhahabu ilikuwamo PUBG Mobile, gemu ya simu. Katika michuano hiyohiyo dhahabu ya Street Fighter V ilichukuliwa na Kim Gwan-woo wa Korea Kusini, mwanaume wa miaka 44, umri ambao hapa kwetu mtu akionekana ameshika pedi huulizwa kama hana shughuli. Duniani kote karibu nusu ya mapato ya biashara ya gemu hutokana na simu. Kama bara zima limeona kwamba mchezaji wa simu anastahili wimbo wa taifa lake upigwe, sisi ambao karibu wote tunacheza kwa simu tunamkataa kwa msingi gani?

Najua hoja ya upande wa pili, na ninaiheshimu kwa sababu imetolewa mbele yangu na vijana waliojitahidi kweli. Wanasema kwamba mtu anayefanya mazoezi ya Tekken, gemu nyingine ya mapigano, kila jioni, akajifunza kila pigo na muda wake, hawezi kuwekwa kapu moja na abiria anayepanga peremende kwenye skrini mpaka daladala ifike kituoni. Ni kweli kwamba hawalingani kwa ujuzi. Lakini ujuzi na uanachama ni mambo mawili. Katika bao wapo mafundi wanaokokotoa mizunguko mingi mbele kabla ya kugusa kete, na wapo wanaojifunza namna ya kunamua. Fundi hupewa heshima yake, na mwanafunzi haambiwi kwamba kile anachokicheza si bao. (Najua pia kwamba baraza la bao lenyewe limekuwa la wanaume kwa muda mrefu, ninalitaja kwa ajili ya daraja za ujuzi, si kama mfano wa usawa.) Waliobobea waitwe mabingwa, wapewe vikombe, wapewe fedha na kurasa za magazeti. Kinachoniuma ni pale ubingwa unapofanywa sharti la kuingia mlangoni, na hasa pale ambapo kinachoitwa ubingwa ni uwezo wa kununua mashine.

Na hata mwenye kununua mashine hapa kwetu asidhani kwamba amekwisha kuingia ndani. PlayStation 5 ilipoingia sokoni Novemba 2020 bei yake huko Marekani ilikuwa dola 499, kabla ya usafiri, ushuru na faida ya muuzaji wa hapa. Ukishailipia, utakuta kwamba mtandao wa PlayStation, ambao bila huo huwezi kununua gemu dukani mwake wala kucheza na wenzako wa mbali, kusini mwa Sahara unahudumia rasmi Afrika Kusini peke yake. Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda au Mkongo anayetaka kuutumia hulazimika kufungua akaunti akidai anaishi katika nchi nyingine. Wengi wamefanya hivyo kwa miaka bila kufikiria, hadi Mei 2024 kampuni ya Sony ilipotangaza kwamba wote wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima wawe na akaunti ya mtandao huo. Gemu hiyo ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177 yasiyohudumiwa, zikiwamo nchi zetu. Wachezaji wa dunia nzima walipiga kelele kiasi kwamba sharti la akaunti lilifutwa katika siku chache, lakini zuio la kuuza katika nchi hizo halikuondolewa pamoja nalo. Kijana wa Arusha au Bujumbura aliyekuwa anajiona ni mcheza gemu kamili, mwenye mashine, mwenye ujuzi, mwenye haki ya kuwacheka wa simu, siku ile aligundua kwamba kuna mahali ambako yeye pia hayumo kwenye orodha.

Hayo yanakwenda pamoja na kasoro nyingine ambazo wachezaji wetu wamezizoea mpaka hawazisemi. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, linatuuzia kwa dola ya Marekani. Kadi ya benki inahitajika mahali ambapo watu wanaishi kwa fedha za simu. Seva, yaani kompyuta zinazowaunganisha wachezaji, za gemu nyingi ziko Ulaya, Mashariki ya Kati au Afrika Kusini, hivyo amri ya mchezaji wa Mwanza husafiri maelfu ya kilomita kabla adui hajaonekana kuanguka, na mchezaji huyo hupoteza pambano ambalo kwa mikono yake angelishinda. Tunapowapima vijana wetu na wa Seoul au Paris tukasema hawana kiwango, tuanze kwa kuhesabu huo muda unaopotea njiani.

Kuhusu wanawake katika kumbi zetu nitasema kidogo, kwa sababu jambo hili linafahamika na ambalo halifahamiki ni utayari wa kulirekebisha. Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya Marekani ya UYU kwa uchezaji wake wa Tekken 7, akawa mwanamke wa kwanza kutoka Kenya kusajiliwa na timu ya kimataifa, huku akisomea sheria. Huo ni ushahidi wa kutosha kwamba uwezo upo. Lakini kibanda cha kawaida cha gemu hujaa usiku, kipo uchochoroni, na lugha inayotumika humo ni ya matusi ambayo hakuna msichana atakayeisikiliza mara mbili. Wanafunzi wangu wa kike wanacheza bwenini likizo zinapokaribia na nyumbani zikifika. Wanacheza vizuri, wanafahamu silaha zote na ramani zote, na mtandaoni hutumia majina ya kiume na kuzima maikrofoni ili wasitukanwe. Kisha mwandaaji wa mashindano hutazama ukumbi wake, haoni msichana, na huhitimisha kwamba hawapendi.

Wazazi watanisoma wakiwa na wasiwasi kwamba ninataka watoto wote wageuke wacheza gemu. Wasiwasi wao una msingi. Shirika la Afya Duniani limeliweka tatizo la kushindwa kujizuia kucheza gemu katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022, na katika mitaa yetu kuna vibanda ambamo mashine za kamari zimewekwa ukuta mmoja na za gemu, jambo ambalo serikali za mitaa zilipaswa kulikomesha zamani. Ila hata hapo, picha finyu ya mchezaji hutuponza. Mzazi anayeamini kwamba mcheza gemu ni mvulana wa kibandani humfuata mvulana huyo na fimbo, na hamwoni binti yake aliye chini ya shuka na simu saa nane za usiku. Hatuwezi kumlinda mtu ambaye hatukubali kwamba anacheza.

Limebaki la watungaji, kwa kuwa anayetunga gemu ndiye anayeamua ni nani atakayejiona ndani yake. Lual Mayen, aliyezaliwa wazazi wake wakiikimbia vita ya Sudan, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu ili amnunulie kompyuta ya dola 300, na kijana akawa anatembea saa tatu kwenda mahali penye umeme ili kuichaji. Alijifundisha mwenyewe kuandika programu akatunga Salaam, gemu ambayo mchezaji hushinda kwa kuokoa jamii dhidi ya maangamizi badala ya kuangamiza, na mwaka 2018 alitunukiwa katika hafla ya The Game Awards huko Los Angeles. Aprili 2024 Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, akiwa na studio yake ya Surgent alitoa Tales of Kenzera: Zau, iliyojengwa juu ya simulizi za Wabantu na juu ya majonzi ya kufiwa na baba, na mchezaji anaweza kuchagua kuisikiliza kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilipowasikilizisha wanafunzi wangu sehemu yake, darasa lilinyamaza, kisha mwanafunzi mmoja akauliza kama inaruhusiwa gemu kuwa ya Kiswahili. Swali hilo limenikaa moyoni kuliko takwimu zote nilizozitaja hapo juu. Mtoto anayeuliza hivyo amekwisha kufundishwa, bila mwalimu yeyote kumfundisha, kwamba yeye si mwenyeji humo.

Kwa hiyo ninawaomba wote wanaoandaa mashindano, kuanzia ya mtaa hadi ya taifa, waweke kundi la wachezaji wa simu lenye zawadi na muda wa jukwaani unaolingana na wa mashine, wala lisiwe kionjo cha asubuhi kabla wageni rasmi hawajafika. Waandike kwenye tangazo saa za mchana, kanuni ya lugha na adhabu ya atakayetukana, na waisimamie kanuni hiyo bila kujali kama aliyetukana ndiye bingwa mtetezi. Waeleze kama ukumbi unafikika kwa kiti cha magurudumu na waruhusu mchezaji kuja na kifaa chake kinachomfaa. Makampuni ya simu, ambayo ndiyo yanayofaidika zaidi na bando tunazochoma tukicheza, yana nguvu ya kuzungumza na wenye maduka ya gemu ili malipo kwa fedha za simu yakubalike popote, na yana nguvu ya kudai seva zilizo karibu. Mchezaji mmoja mmoja hana nguvu hiyo. Wizara zenye dhamana ya michezo na ya elimu zingeweza kuanza kwa hatua ndogo isiyohitaji bajeti kubwa, yaani kuruhusu klabu za gemu shuleni chini ya mwalimu mlezi, kwa saa maalumu, wavulana na wasichana pamoja, na somo la kutunga gemu likiwa sehemu ya klabu hizo.

Gazeti lako nalo, Mhariri, lina sehemu yake katika hili. Mwandishi wako atakapotumwa tena kuandika habari za gemu, asiishie kwenye kibanda kilicho karibu na ofisi. Apite kwenye mabweni ya wasichana, kwenye shule za wenye ulemavu, kwenye vijiwe vya bodaboda wakati wa jua kali, na kwa akina mama wanaouza sokoni, awaulize wanacheza nini, kwa kifaa gani, kwa gharama kiasi gani na wamefika kiwango gani. Nikihitajika kumpokea hapa Morogoro nitampokea, na wanafunzi wangu watamwonyesha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa sekondari,
Morogoro